Wajibu wa Raia Katika Haki: Mafundisho ya Historia ya Ufipa

Jina la mji wa Sumbawanga lina amri ndani yake. Wazee wa Ufipa husimulia kwamba maana yake ni "tupa uchawi": mgeni aliyefika huku uwandani akiwa na vitu vya uchawi katika mkoba wake aliagizwa avitupe kwanza, ndipo apokewe. Watu wa mbali wamezoea kulicheka jina hilo na kutudhania kuwa twaishi katikati ya wachawi. Lakini alifikiriye vema ataona kwamba si jina la kuchekwa. Ni sheria fupi, tena yasemwa kwa mtu mwenyewe, si kwa askari wala kwa hakimu: wewe uliye na kibaya, kitupe.

Hata hivyo sheria hiyo yaacha swali kubwa. Je, asipokitupa? Nani atakayesema kwamba anacho, atasema mbele ya nani, na atalithibitishaje neno lake? Maswali hayo matatu ndiyo mzizi wa haki ya jinai katika kila nchi, na historia ya Ufipa kwa muda wa miaka zaidi ya mia yaweza kusomwa kama safari ndefu ya kuyatafutia majibu. Yafaa tuitazame safari hiyo, maana wengi wetu hudhani kwamba haki ni kazi ya serikali peke yake. Serikali ina polisi, ina waendesha mashtaka, ina mahakimu na magereza. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyelala karibu na ukuta wa jirani yetu usiku wa tukio. Aliyesikia kilio ni sisi. Basi haki huanzia kinywani mwetu, na mara nyingi hufia papo hapo.

Tuanze na zamani. Katika karne ya 19 uwanda huu, ulio kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Rukwa, ulikuwa na dola mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja chini ya mtawala aliyeitwa Mwene. Katika miaka ya 1840 Wangoni walifika na vita vyao, na kiongozi wao mkuu Zwangendaba alifia katika nchi ya Ufipa. Baadaye nchi ikapata kutulia. Mwaka 1880 msafiri Mskoti Joseph Thomson alifika kwa Mwene Kapufi wa Nkansi, akawasifu Wafipa kuwa ni wakulima hodari na watu wa amani. Polisi wa namna ya leo hawakuwapo. Basi amani hiyo ilitoka wapi? Roy Willis, mtaalamu wa Uingereza aliyekaa kwetu kuanzia 1962 hadi 1964 akichunguza mila na historia, ameeleza kwamba mkuu wa kijiji alichaguliwa na wanakijiji wenyewe. Ugomvi mdogo ulisemwa kijijini, na ulio mkubwa ulipelekwa kwa wakubwa wa nchi. Mtu aliyeona jambo baya hakuweza kusema kwa urahisi, "Hilo si langu," kwa kuwa aliyeketi kuamua aliwekwa hapo na yeye pamoja na jirani zake.

Lakini tusiyasifu mambo ya kale kupita kiasi. Katika nchi nyingi zilizo kati ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika kulikuwa na kiapo cha mwavi. Mtu aliyeshutumiwa kwa uchawi alinyweshwa maji ya magamba ya mti wenye sumu. Akitapika, alihesabiwa kuwa hana hatia. Akifa, watu walisema sumu imekwisha kuhukumu. Wazee wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na shida ya kweli: kosa lililotendwa kwa siri halina shahidi, na moyo wa mwenye kufiwa hautulii mpaka aambiwe nani amemdhuru. Mwavi uliwaondolea shida hiyo kwa njia mbaya. Sumu haimwulizi mshtaki amejuaje. Haimpi mshutumiwa nafasi ya kujibu. Tena, mtu akiisha kufa na ikajulikana baadaye kuwa hakuwa na kosa, hakuna wa kumrudisha.

Mwishoni mwa karne ile Wajeremani wakaja, wakajenga boma lao Kasanga kando ya ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wakaja Waingereza. Serikali hizo zikapiga marufuku mwavi. Waingereza wakawapa watawala wa kienyeji amri kwa sheria ya 1926, na mabaraza ya kuhukumu kwa sheria ya 1929. Katikati yake, mwaka 1928, ikatoka Sheria ya Uchawi, iliyomkataza mtu kujidai kuwa na nguvu za uchawi au elimu ya siri ya mambo hayo. Hivyo mganga aliyejidai kumfichua mchawi alivunja sheria kama vile mtu aliyejidai kuroga.

Kusudi la sheria hiyo lilikuwa jema, maana iliwaokoa wengi. Lakini neno moja halikutazamwa sana. Watu walikatazwa njia yao ya zamani, wasifundishwe barabara njia mpya. Mtu aliyefiwa na watoto wawili katika mwaka mmoja aliambiwa tu kwamba baraza halisikilizi habari za uchawi. Hakuelezwa namna ya kupeleka mashaka yake, wala namna ya kutofautisha kifo cha maradhi na kifo cha sumu, wala kwa nini sheria yataka ushahidi. Akarudi nyumbani akinung'unika kwamba serikali yawalinda wachawi. Maneno yaliyokosa kusemwa barazani yakaendelea kusemwa kwa kunong'ona vilabuni na visimani.

Kutokana na kunong'ona huko ikaja Kamcape. Katika miaka ya 1930 watafuta wachawi, wengi wao vijana, walitoka Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, wakapita Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia, wakavuka na kufika kwetu. Audrey Richards, mtaalamu wa Kiingereza, aliwaona kwa Wabemba akaandika habari zao mwaka 1935. Watu wa kijiji walipangwa mstari. Mtafuta wachawi akatazama katika kioo kidogo. Yule ambaye sura yake "ilionekana" akaamriwa kutoa pembe na vifuko vyake. Kisha wote wakanyweshwa dawa. Bibi Richards alizichunguza pembe 135 zilizotolewa kwa namna hiyo. Alihesabu 11 tu ambazo watu wenyewe walikubali kwamba bila shaka zilikuwa za kudhuru. Nyingine zilikuwa dawa za kawaida na hirizi. Fikiri, msomaji, juu ya hesabu hiyo: katika kila pembe 12 zilizotupwa chini mbele ya watu, haikupatikana hata moja kamili iliyokuwa na ubaya wa hakika. Lakini wenye pembe wote walitahayarishwa sawasawa.

Kamcape ilirudi Ufipa mara kadhaa, ikawa kubwa tena mwaka 1963 na 1964, wakati Bwana Willis alipokuwa hapa, naye akaiandika. Watu walichanjwa chale na kupakwa dawa. Walioshutumiwa walinyolewa nywele. Wengi wa walioshutumiwa walikuwa wazee, na walioshutumu walikuwa vijana. Baba mwenye mvi, aliyefundisha nusu ya kijiji kulima matuta, aliweza kusimamishwa uwanjani mbele ya wajukuu, na hakuna aliyethubutu kusema, "Ngojeni kwanza, mwajuaje?"

Hapo ndipo penye somo la maana. Tukiitazama Kamcape twaona kwamba raia hawakuwa wavivu. Walikusanyika, walitoa fedha zao, walijitahidi kwa moyo wote kuondoa uovu katika nchi. Walikuwa na bidii ya uraia bila mipaka ya sheria, na mambo matatu yalikosekana. Kwanza, hapakuwa na mshtaki mwenye jina, kwa sababu kioo ndicho kilichosema. Pili, hapakuwa na nafasi ya kumwuliza mshtaki maswali. Tatu, hapakuwa na rufani, maana aliyenyolewa alikuwa amekwisha kunyolewa. Kumbe ule mwavi wa zamani ulikuwa umerudi, ukiwa umebadili nguo tu.

Wahunzi wetu wa kale walilijua jambo hili vizuri katika kazi yao. Mabaki ya tanuru zao ndefu, ziitwazo malungu, yaonekana hata leo katika sehemu za Ufipa. Chuma kilichotoka katika tanuru ile kubwa hakikufuliwa jembe papo hapo, maana kilikuwa kimechanganyika na takataka. Kilitiwa tena katika tanuru ndogo, kikavukutwa kwa mivukuto, ndipo kikasafika. Shutuma itokayo kijijini ni kama chuma cha tanuru ya kwanza. Ina kitu cha kweli pengine, lakini ina takataka ya wivu, ya ugomvi wa shamba na ya deni la zamani. Mahakama ndiyo tanuru ya pili. Asiyepeleka chuma chake huko hapati jembe. Na atakaye kufua bila kusafisha atavunja jembe siku ya kwanza.

Mwaka ule ule wa 1963 nchi ilikuwa ikibadilika. Utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikatungwa ili mahakama za mwanzo, za wilaya na Mahakama Kuu ziwe mlolongo mmoja kwa watu wote, bila kubagua Mwafrika na mgeni. Jambo zuri katika mahakama ya mwanzo lilikuwa washauri, ambao watu huwaita wazee wa baraza. Sheria ya 1984 iliyofuata ile ya kwanza ilitaka hakimu aketi na washauri wasiopungua 2, na kila mmoja awe na kura yake katika kuamua. Maana yake nini? Raia alitolewa nje dirishani alipokuwa akichungulia, akaketishwa ndani katika kiti cha kuhukumu. Serikali ilikiri kwa sheria hiyo kwamba hakimu aliyetoka mbali hajui kila kitu, naye ahitaji watu wanaoijua nchi.

Lakini kiti kitolewacho na sheria hakimfanyi mtu awe tayari kukikalia, wala kusimama kizimbani kutoa ushahidi. Katika miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi, waliochoka kuibiwa ng'ombe, walianzisha ulinzi wao uitwao Sungusungu. Wezi walipungua mahali pengi, na mwaka 1989 serikali ikaupa ulinzi wa namna hiyo nafasi katika sheria. Ni mfano mzuri wa raia waliokataa kulala huku nchi ikiharibika. Lakini pia ni mfano wa kuonya, maana Sungusungu wa sehemu nyingine waliwapiga watu ili wakiri, wakawafukuza vikongwe walioitwa wachawi. Bidii ile ile iliyomrudisha ng'ombe zizini ilimtoa bibi kizee nyumbani mwake. Tofauti yake ilikuwa moja: habari ya ng'ombe ilikuwa na nyayo za kufuata, habari ya kikongwe ilikuwa na macho mekundu tu, yaliyotiwa moshi na meko ya miaka mingi.

Kisha kikaja kipindi cha aibu kubwa. Tangu 2007 watu wenye ualbino waliwindwa katika sehemu za magharibi na kaskazini ya Tanzania, kwa ajili ya waganga waliodai kwamba viungo vyao vyaleta utajiri. Mkoa wetu wa Rukwa haukuepuka. Mwaka 2013 na tena 2015 watu walikatwa viungo huku kwetu, na mtoto mdogo alikuwamo. Katika matukio kadhaa ya namna hii nchini, walioshukiwa walikuwamo jamaa wa nyumba ile ile. Kikulacho ki nguoni mwako, wasema Waswahili.

Serikali ikatafuta njia. Mwezi wa Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, aliyetoka Mpanda, ambayo siku zile ilikuwa ndani ya mkoa wa Rukwa, alisema kwa uchungu kwamba aonekanaye akiwaua watu hao auawe naye. Maneno hayo yakaleta mabishano makubwa, na Bungeni akatoa machozi alipoyaeleza. Hakuna haja ya kuwa na shaka na uchungu wake. Lakini twaona jinsi hasira ya haki iwezavyo kumvuta hata mkubwa wa nchi kwenye njia ya mkato. Mwezi wa Machi mwaka ule ule Rais Jakaya Kikwete akaanzisha kura ya siri: wananchi waliandika katika karatasi majina ya watu waliowashuku, wakayatia katika masanduku. Watu wengi waliokuwa wakiogopa walipata kusema. Hiyo ilikuwa faida. Lakini jina katika karatasi bado si ushahidi. Karatasi, kama kile kioo cha Kamcape, haiwezi kuulizwa, "Wewe ulikuwa wapi? Uliona nini?" Inaweza kuwa na jina la mwuaji, inaweza pia kuwa na jina la jirani mwenye shamba zuri. Yafaa kuwaonyesha polisi pa kuanzia tu, haifai kumalizia.

Mwisho ulitoka mahali pengine. Mwezi wa Septemba 2009 Mahakama Kuu, iliyoketi Kahama, iliwatia hatiani watu 3 kwa kumwua mtoto mwenye ualbino. Ndiyo hukumu ya kwanza iliyojulikana sana katika mashauri hayo. Ilipatikana kwa sababu palikuwa na ushahidi uliosikilizwa hadharani, washtakiwa wakiwapo na kujitetea. Twaweza kuzungumza juu ya adhabu ya kifo siku nyingine; hapa natazama njia tu. Ilikuwa njia ndefu, lakini ilifika.

Basi sheria yatutaka nini sisi raia? Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya 1985 yamtaka kila mtu ajuaye kwamba kosa la jinai limetendwa, au lataka kutendwa, atoe habari kwa polisi au kwa mwenye mamlaka mahali pale. Yamruhusu pia raia kumkamata atendaye baadhi ya makosa mbele ya macho yake. Lakini yamwamuru amtie mikononi mwa polisi bila kukawia. Ruhusa yaishia hapo. Haikusemwa ampige, wala amchome moto, wala amvue nguo. Na Katiba ya nchi yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla hatia haijathibitishwa. Kwa hiyo tuna wajibu wa aina mbili, nao hautengani: wajibu wa kusema, na wajibu wa kujizuia. Asemaye bila kujizuia ni hatari, na ajizuiaye bila kusema ni mzigo.

Najua msomaji wa kijijini atanijibu, "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini hukai kwetu." Haya, tuyasikilize majibu yake, maana yana kweli. Atasema mahakama iko mbali. Ni kweli, mtu wa bonde la Rukwa apandaye Lyamba lya Mfipa ili kutoa ushahidi hupoteza siku ya kazi, na shauri likiahirishwa hupoteza ya pili na ya tatu. Atasema aogopa kisasi. Ni kweli pia. Ndiyo sababu mwaka 2015 ilitungwa sheria ya kuwalinda watoa habari na mashahidi, ingawa sheria hiyo haitamlinda mtu asiyejua kwamba ipo. Atasema kuna rushwa. Tusikatae. Lakini rushwa nayo ni kosa la jinai, tena ni kosa ambalo halifichuki mpaka raia aseme.

Jibu moja ndilo lenye kosa ndani yake. Watu husema, "Tulimpeleka polisi, na siku ya pili tukamwona sokoni." Hapo ndipo mawe huokotwa. Lakini mara nyingi yule wa sokoni hakuachiliwa, alipewa dhamana. Dhamana si kufutiwa kosa. Ni ahadi yenye wadhamini kwamba mtu atarudi siku ya shauri lake, kwa sababu hajathibitishwa kuwa na hatia. Siku ya shauri ikifika, yeye aja, na mashahidi ndio wasioonekana. Hakimu afanye nini? Hawezi kumfunga mtu kwa ushahidi uliobaki nyumbani. Shauri lafutwa, watu wasema mahakama imeuza haki, na mwizi wa pili hapelekwi polisi tena, bali huuawa barabarani. Pengine huyo wa pili hakuwa mwizi. Duara hilo huanza na shahidi aliyeona palizi ni bora kuliko neno lake, nalo laweza kukatwa pale pale lilipoanzia.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, kazi hii haikosi kutuhusu. Tuwafundishe watoto kusema waliloona, na kunyamaza juu ya lile walilosikia tu. Waswahili husema, "Lisemwalo lipo, kama halipo li njiani laja." Ni mithali nzuri kwa mtu ajihadhariye na hatari, lakini ni mithali mbaya katika kiti cha kuhukumu, mtoto apaswa kuijua tofauti hiyo kabla hajaacha shule. Tumwulize kila aletaye habari darasani: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Aliyekuambia aliona? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatapangwa mstari mbele ya kioo kwa urahisi.

Nanyi, wazee na vijana wa vijijini, mtu akiitwa shahidi msimcheke wala msimwite mchonganishi. Mchangieni nauli. Mlimieni ile siku moja. Akitoka kijijini peke yake, adui zake wamwona peke yake. Wakitoka watu watano kwenda mahakamani kumsindikiza, huyo mwenye kisasi atafikiri mara mbili. Na siku makelele ya "mchawi" au "mwizi" yatakaposikika tena, kwa maana yatasikika, atakiwa mtu mmoja tu wa kwanza kusimama katikati na kuuliza, "Mwajuaje?" Mwaka 1963 mtu huyo alikosekana katika viwanja vingi vya Ufipa. Wazee walionyolewa siku zile wengi wao wamekwisha kufa, wala hakuna mahakama iliyowasikiliza.